Mashine ya Delfin Imelala Tena

Baguio, 18 Aprili 2006

Mdogo wangu Melba,

Ujumbe wako nimeupata. "Mashine yako imelala tena. Njoo uichukue." Hata salamu hukuweka! Mkunga mzima, mwenye vyeti ukutani, unamwandikia kaka yako kama mtu anayefukuza mbwa jikoni. Ndiyo maana nakujibu kwa barua, tena ndefu, nimempa Gaspar apande nayo kwenye lori lake la kabichi likirudi tupu. Ujumbe wa simu hauna nafasi ya kumtosha mtu kama mimi.

Mimi ni mzima, kama ungeuliza. Kibanda changu hapa juu ya soko kinafurika. Juzi Mkorea mmoja aliniletea simu iliyotumbukia kwenye supu, nikaifufua mbele ya macho yake, akataka kuniozesha dada yake. Nikamwambia ninao dada wawili tayari na wote wananitukana, wa tatu wa nini?

Sasa nikueleze polepole, maana naona hujui unachokitukana. Kompyuta ya hospitali ya Tambilan ni bwana mkubwa anayekaa ndani, hana sikio la kuusikia mnara. Sikio lake na mdomo wake ni modemu, kile kiboksi chenye taa ya kijani na laini ya simu tumboni. Kila baada ya muda kidogo kompyuta inamwita kwa herufi mbili tu, A na T, yaani "We, nisikilize!" Modemu anajibu OK. Mnara unausikia vizuri? Anataja namba. Laini iko hai? Iko hai. Kuna ujumbe? Upo, wa Melba wa Bukwagan, amenuna. Basi kompyuta inausoma, kisha inamwamuru modemu autume kwa Mzee Islaw wa gari la wagonjwa, kwa daktari na kwa nesi wa zamu. Halafu wewe unajibiwa: gari limeondoka.

Mazungumzo yote hayo yanapita kwenye waya mmoja mwembamba kuliko kamba ya kiatu, na programu inayoyaendesha nimeiandika mimi, mtu niliyeacha chuo muhula wa pili kwa sababu walimu walikuwa wanauliza maswali mepesi. Tena nimeweka ujanja wangu: modemu akijibu upuuzi mara tatu, kompyuta inamkatia umeme na kumwasha upya, kama unavyommwagia mlevi maji usoni. Mashine ya namna hiyo hailali, Melba. Labda ni ninyi mnaolala.

Msalimie mama. Mwambie dada yetu Noemi asibebe viazi.

Kaka yako,
Delfin


Bukwagan, 24 Aprili 2006

Kaka Delfin,

Salamu umezipata. Sasa tuendelee.

Wiki ya Pasaka Mzee Andres aliangukiwa na gogo la msonobari. Nilipanda mpaka Mwamba wa Simu, pale juu ya shule, mahali pekee ambapo simu zetu zinapata mnara, nikatuma neno la dharura kama ulivyotufundisha. Simu yangu ikaniambia ujumbe umekwenda. Tukangoja. Mashine yako haikunijibu na gari halikuja. Vijana wakambeba mzee kwenye blanketi mpaka barabara kuu, wakasimamisha lori la mchanga, naye akafika hospitalini mguu umeshakuwa wa rangi nyingine.

Jumatatu iliyofuata diwani alikwenda kule Tambilan na wageni wake. Akatuma ujumbe wa majaribio, na king'ora kikalia kabla hajairudisha simu mfukoni. Wakapiga makofi, wakala tambi, wakapiga picha na kiboksi chako.

Sasa wewe fundi niambie, ni mashine gani hii inayomwamkia diwani na kumlalia mgonjwa?

Zamani nilikuwa namtumia Mzee Islaw mwenyewe, ingawa anabadilisha laini kama soksi. Nilikuwa naweza hata kumtukana. Tangu Januari mmeweka amri kwamba dereva haruhusiwi kuwasha gari bila ujumbe wa mashine, eti mafuta ya serikali. Nikimpigia ananiambia, "Mkunga, nakuhurumia, lakini mashine haijasema."

Nikuambie kinachoniogopesha, ili usiseme nanuna bure. Noemi wetu amebeba mapacha na wa kwanza amekaa matako chini. Siwezi kuwatoa hapa kwa mikono yangu na ndoo ya maji moto. Wanahitaji daktari na chumba cha upasuaji. Mumewe yuko kiwandani Taiwan, mama hana nguvu, waliobaki ni mimi na wewe. Nimepanga kumshusha mjini katikati ya Juni, mapema kabisa, lakini mapacha hawasomi kalenda, na barabara yetu mvua ikianza unaijua. Siku nitakayotuma neno juu ya Noemi, nataka gari lije. Modemu anaambiana nini na kompyuta huko chumbani kwao, sitaki kujua.

Tengeneza.

Melba


Baguio, 3 Mei 2006

Melba mwenye ulimi wa pilipili,

Nimefunga kibanda, nimepanda basi, nimekwenda Tambilan kwa nauli yangu mwenyewe. Nimeijaribu mashine. Nimetuma ujumbe wa dharura nikiwa sokoni, nikiwa mlangoni mwa kanisa, nikiwa chooni, hata nikiwa mtoni nimesimama kwenye maji mpaka magotini ili mnara unione kwa shida. Kila mara gari liliwaka. Mwisho Mzee Islaw akatoka na soksi moja mguuni akaniambia, "Delfin, mwanangu, ukituma tena nitalihamishia gari hili kwenu, nikuendeshe wewe peke yako mpaka mafuta yaishe."

Nikakaa na kompyuta uso kwa uso. Nauliza, modemu anajibu. OK, OK, OK, kama kibarua mpya mbele ya bosi. Nilichokiona ni kwamba siku zile za matatizo kompyuta imeandika neno moja tu, "modemu hajibu", "modemu hajibu", kisha ikamwasha upya. Hilo haliniingii akilini, maana siku nyingine zote hajawahi kukosa kujibu hata mara moja. Nimembadilishia waya na kumpangusa vumbi, nimemhamisha mbali na friji ya chanjo. Nimefanya kila kitu isipokuwa kumwombea misa.

Kwa hiyo, dada, kwa heshima zote, nafikiri tatizo liko Bukwagan. Kidole chako gumba kimezoea kukanda matumbo ya wajawazito, hakijui vitufe. Jaribu kusogea kidogo upande wa kushoto wa mwamba. Jaribu kuishika simu juu. Jaribu kutokuwa na hasira, maana mitambo inasikia.

Tena usitie chumvi. Tangu Januari mashine ile imeita gari mara nyingi tu, na Mzee Andres anatembea kwa fimbo lakini anatembea. Hakuna aliyekufa kwa ajili ya modemu wangu. Au yupo?

Mpe Noemi kopo hili la maziwa. Asimpe mama, mama atampa paka.

Delfin, bingwa wa mitambo wa milima yote


Bukwagan, 9 Mei 2006

Delfin,

Yupo.

Alikuwa wa Kawis na Susana, nyumba ya mwisho kabla ya ngazi za mashamba ya mpunga. Februari. Susana alianza kutoka damu asubuhi, nikapanda mwamba nikatuma neno. Vitufe nilivibonyeza sawasawa. Mchana ulipita. Mdogo wa Kawis akachukua pikipiki, akashuka mpaka Tambilan kumwambia Islaw kwa mdomo, na Islaw akavunja amri akaja. Jioni hiyo Susana aliwahi kuongezewa damu. Mtoto hakuwahi. Hakuwa na jina bado.

Sikukuambia kwa sababu mwezi mmoja kabla yake nilikuona siku ya uzinduzi wa mashine, unacheza katikati ya wapiga upatu, umevaa bahagi ya babu, ile nguo ya kiunoni, mama anafuta machozi kwa furaha. Na kwa sababu Kawis aliomba jambo lile lisizunguke midomoni mwa watu.

Usiniandikie tena habari za kidole changu. Usiniandikie kabisa mpaka ujue.

M.


Tambilan, 22 Mei 2006

Melba,

Nimejua. Ndiyo maana naandika.

Baada ya barua yako nilifunga kibanda. Si kwa siku moja tu. Nilibandika karatasi mlangoni, "Fundi amesafiri", nikaja hapa nikaweka kiti mbele ya kompyuta. Manesi wameshanizoea, wananipa chai na kunikanyaga miguu. Siku za kwanza hazikuleta chochote. Nilikuwa nautazama ule uso wa kioo ukiniambia OK, natamani kuutemea mate.

Halafu nikaufungua mlango wa nyuma. Modemu huyu ana milango miwili ndani ya waya uleule. Wa mbele ni wa kupokea amri na kutoa majibu. Wa nyuma ni wa kueleza hali yake mwenyewe: joto lake, mnara alioushika, nani anamgusa, kwa nini amekasirika. Mafundi wengi hawaugusi mlango huo. Mimi mwenyewe niliuacha umefungwa, nikiamini programu yangu inatosha. Niliuelekeza kwenye kioo cha pili nikangoja.

Alhamisi mchana ukaingia ujumbe wa dharura kutoka Lusad, mtu ameumwa na nyoka. Kompyuta ikausoma. Ikamwambia modemu, "Jiandae kutuma kwa dereva." Hapo hapo, kabla hajajibu, kwenye mlango wa nyuma nikaona neno RING. Mtu anapiga simu. Likakatika. RING nyingine, kutoka namba nyingine. Ikakatika. Nyingine tena. Modemu, maskini, ana adabu: kila anapopigiwa lazima amwambie bwana wake "kuna simu!", na anamwambia kwa mdomo uleule anaojibia. Kompyuta inangoja OK, inapewa RING. Inauliza tena, inapewa RING. Mara ya tatu programu yangu ikasema huyu amelewa, ikamkatia umeme. Alipoamka, amri ya kumwita dereva ilikuwa imeshafutwa, kwa sababu mimi, bingwa wa milima yote, niliandika kwamba amri ikishatolewa ifutwe.

Na yale maneno RING hayakuonekana kwenye kioo cha mbele kwa sababu niliiambia programu neno lolote isilolijua ilitupe. Iliyatupa, ikaandika "modemu hajibu". Modemu alikuwa anajibu wakati wote, Melba. Alikuwa anapiga kelele.

Niliruka kwenye kiti nikamkimbilia Mzee Islaw. "Nenda Lusad, mtu ameumwa na nyoka!" Akaniuliza, "Ujumbe wa mashine uko wapi?" Nikamwambia, "Mimi ndiye ninayeiandikia mashine hiyo ujumbe, mzee, mimi ndiye baba yake!" Tulibishana mpaka daktari akatoka na glavu mkononi akatufukuza sote wawili, Islaw kwenye gari na mimi kwenye uwanja. Mtu wa Lusad anaendelea vizuri, amevimba tu.

Sasa niambie wewe uliye huko. Ni nani hawa wanaoipigia mashine simu na kukata?

Delfin


Bukwagan, 28 Mei 2006

Kaka,

Unaniuliza ni nani? Ni sisi sote.

Wewe umekaa mjini mpaka umesahau? Huku mtu akikutumia ujumbe anakubipu, ili ujue ujumbe umefika na hausubiri chini ya mto wa kulalia. Ukifika safari unabipu. Ukila cha mtu ukarudi nyumbani unabipu. Kutuma ujumbe wa dharura na kukaa kimya ni kama kuingia nyumbani kwa mtu bila kubisha hodi. Ningewezaje kukutajia? Ni kama ungeniuliza kama nilikuwa napumua nilipokuwa naandika. Na wewe hujawahi kuuliza, kwa sababu wewe mwenyewe unanibipu kila ukimkabidhi Gaspar barua.

Ukifanya majaribio habipu mtu, kwa sababu hakuna anayeogopa. Diwani akituma, nani ambipie? Lakini mtu akianguka kweli, kijiji kizima kinapanda mwamba na simu mkononi. Na baada ya Februari mimi ndiye niliyewaambia wazidishe. Nilisema mashine ina usingizi mzito, iamsheni. Siku ya Mzee Andres tulikuwa tumejipanga pale juu kama watu wa kwaya, Delfin. Tulikuwa tunasaidia.

Kuna jambo jingine, na nikishaliandika sitalisema tena. Siku ile ya Susana niliposhuka kumhudumia, Kawis alibaki juu ya mwamba. Alikaa huko akiibipu mashine tangu asubuhi mpaka betri ikaisha. Aliniambia mwenyewe, kwa fahari kidogo, kwamba hakuacha hata dakika moja.

Nimepiga marufuku. Nimewaambia watu mashine ni mgonjwa na asiibipu mtu yeyote, na sikutoa sababu. Wamenuna, lakini wametii. Sababu isitoke kinywani mwako wala mwangu. Akijua, mtu yule hatainuka tena.

Noemi miguu imevimba. Mvua imeanza.

Melba


Baguio, 6 Juni 2006

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, nikaketi, nikaisoma tena.

Kosa si la aliyebipu. Ukijenga nyumba mahali ambapo watu wote wanabisha hodi, halafu ukaweka mlango unaoanguka ukibishwa, mjinga ni nani? Nilizaliwa hapo. Nilijua. Nikaandika programu kama mtu wa nchi ambayo watu hawapigiani.

Kwanza nilitafuta njia ya mkato. Kampuni ya simu inaweza kuzuia simu zisiingie kwenye laini ile, dakika moja tu. Lakini laini imesajiliwa kwa jina la manispaa, wanataka saini ya diwani. Diwani yuko Manila kwenye semina ya uongozi. Msaidizi wake ana mhuri lakini hana ruhusa. Mwenye ruhusa hana ufunguo wa droo ya mhuri. Nilitoka pale nikiwa nataka kuuma meza.

Basi nimeiandika programu upya tangu mstari wa kwanza. Sasa kompyuta ikisikia RING inaiweka pembeni na kuendelea kungoja jibu lake halisi. Maswali ya "uko mzima?" nimeyahamishia mlango wa nyuma, yasichanganyike na amri. Na ujumbe haufutwi mpaka modemu athibitishe kwamba mnara umeupokea. Akishindwa anaambiwa arudie, arudie, arudie, kama ulivyo wewe ukitaka jambo. Niliwapanga manesi wote waliokuwepo waibipu kwa pamoja huku natuma. Ilipita. Lakini manesi wanaochekacheka si kijiji kilichoshikwa na hofu. Kwa hiyo ondoa marufuku yako. Jumamosi hii wapandishe watu wote mwambani, tuma ujumbe wa majaribio, wabipu mpaka vidole viote sugu. Nataka kujua kabla ya Noemi, si siku ya Noemi.

Na kuhusu Kawis, nitapanda mwenyewe nimwambie kosa lilikuwa langu. Siwezi kuchekacheka hapa sokoni wakati mtu anadhani ni mashine tu iliyolala.

Barua hii anaondoka nayo Gaspar Ijumaa alfajiri; kwa simu sikuandikii haya, maana ujumbe wako unasomwa mwambani mbele ya watu.

Delfin


Tambilan, 14 Juni 2006

Kaka Delfin,

Barua yako ya tarehe sita nimeipata Jumapili, na nitakuambia nimeipatia wapi.

Noemi alipasukiwa na chupa ya uzazi Jumapili baada ya misa. Mvua ilikuwa inanyesha tangu Alhamisi, Gaspar hajapanda, sina habari yoyote kutoka kwako. Kwa ninavyojua mimi, mashine ni ileile. Nikakimbia mwambani. Watu wakanifuata lakini walikaa mbali, mikono mifukoni, kwa sababu ya marufuku yangu. Nikatuma neno.

Kawis alikuwa karibu yangu. Viazi vyake viko chini tu ya mwamba, alikuwa na tope mpaka kiunoni. Akatoa simu kwenye mfuko wa plastiki akaanza kuibipu mashine. Nikamshika mkono. Nikamwambia, "Kawis, si nilisema?" Akaniambia, "Mkunga, nilikusikia. Lakini ile siku ya Susana labda sikupiga vya kutosha."

Delfin, kidole changu kilikuwa juu ya kifundo cha mkono wake. Chini kule Noemi alikuwa analia jina la mama. Ningeweza kumnyang'anya ile simu. Angeniuliza kwa nini, na watu wote walikuwa wanatazama, na uso wangu haujui kudanganya. Nilijiona nimesimama na watoto wa dada yangu upande mmoja na mtu huyu upande wa pili, nikakuchukia wewe kwa nguvu zangu zote.

Nikamwachia mkono. Nikamwambia, "Piga."

Akapiga. Akakata, akapiga. Waliosimama mbali walipomwona wakatoa za kwao. Nilikaa chini kwenye matope nikafunika kichwa kwa koti la mvua, sikutaka kuona. Halafu simu yangu ikatetemeka. Gari limeondoka Tambilan. Nikaisoma nikadhani macho yananicheza. Kawis akaisoma kwa sauti, watu wakapiga yowe mpaka mama akatoka nyumbani akidhani tumefiwa.

Barabara ilikuwa imekatika kwenye kona ya maporomoko. Tulimfunga Noemi kwenye blanketi, ncha kwenye mti, wanaume wakabeba, Kawis mbele. Alikuwa anajaribu kila jiwe kwa mguu kabla ya kulikanyaga, na anamwambia Noemi, "Tukana tu, dada, tukana, barabara hii imezoea." Na Noemi alitukana, hata mimi nilijifunza maneno. Ng'ambo ya pili Mzee Islaw ameshageuza gari, mlango wa nyuma uko wazi. Na nyuma yake nani? Gaspar na lori lake, amekwama tangu juzi yake, analala ndani ya kreti. Akanipa barua yako dirishani kama mtu anayeuza karanga. Nikaisoma ndani ya gari, mkono mmoja umeishika, mwingine uko juu ya tumbo la Noemi. Kumbe ulikuwa umeshatengeneza. Kumbe watoto niliowaweka rehani kwa ajili ya mtu yule walikuwa wameshalindwa, na mimi sikujua. Nililia nikacheka, Islaw akadhani nimechanganyikiwa, akakanyaga mafuta.

Wa kiume alitoka kwanza. Wa kike alitoka wa rangi ya majivu na hakulia. Daktari alimsugua, akampulizia, akamgeuza, mimi nimesimama pale kama mgeni, kazi yangu yote nimeisahau. Halafu mtoto akapiga chafya. Kwanza alipiga chafya, ndipo akalia. Noemi ni dhaifu lakini anauliza maziwa ya kopo yako kama bado yapo. Mama alishampa paka.

Sasa sikiliza, maana nakujua.

Kawis amenitumia ujumbe, anasema wewe ndiye uliyeitengeneza mashine ikasikia. Nani kamwambia sijui, nafikiri Gaspar. Amefunga kuku wawili chini ya nyumba, ana nyama ya nguruwe aliyoikausha kwa chumvi tangu mwaka jana, anangoja barabara ifunguliwe ili akuite. Utapanda na utakula. Hutamwambia kosa lilikuwa lako, kwa sababu atakuuliza kosa gani, na wewe hujawahi kuulizwa swali ukalijibu nusu. Utaanza na herufi A na T, utafika kwenye RING, na mtu yule si mjinga. Ataihesabu ile siku yake mwenyewe, kuku akiwa bado mdomoni.

Kwa hiyo akikusifu mbele ya watu, inamisha kichwa. Mmiminie pombe ya mchele. Muulize habari za viazi.

Mdogo wako,
Melba